Jangwani Kuna Ndege

Wewe uliyekaa barazani unapunga upepo, wewe uliye dukani Kariakoo unafunga hesabu za siku, na wewe uliyebanwa na foleni Barabara ya Morogoro ukaona bora ufungue redio, karibuni nyote. Jioni hii tuzungumze habari za ndege. Wala sitawapeleka Serengeti au Manyara. Tutabaki hapa hapa mjini, katika bonde ambalo maelfu yetu tunalivuka kwenda kazini na kurudi: bonde la Mto Msimbazi, pale Jangwani.

Najua wapo wanaojiuliza, ndege gani hao wa Jangwani? Jangwani tunaijua kwa mikutano ya hadhara. Tunaijua kwa Yanga. Tunaijua kwa karakana ya mabasi ya mwendokasi. Na zaidi ya yote tunaijua kwa mafuriko. Mvua ikipiga usiku kucha huko Pugu, asubuhi tunapigiana simu kuulizana: "Jangwani panapitika?" Swali hilo ni la haki kabisa, na nitalirudia baadaye. Lakini leo naomba tuliongezee la pili. Maji yakishapungua, njia ikafunguliwa, basi likaanza kusogea taratibu kutoka Magomeni Mapipa kuelekea Fire, hebu geuza uso dirishani utazame chini. Ni nani wale waliosimama kwenye tope?

Ni yangeyange. Ni kwarara. Juu yao wanapita mbayuwayu, wanakata huku na huku, na kwenye matete pembeni mnana wanapigiana kelele. Maji yaleyale yanayotufungia barabara ndiyo yanayowaletea wao chakula. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja: Msimbazi ni bonde la maji, na ndege wanalijua hivyo kuliko sisi tunavyolijua.

Tuanze na mto wenyewe. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unateremka mwendo wa kilomita 35 hivi, unapita Tabata, Vingunguti, Kigogo, njiani unapokea vijito vya Ubungo na Luhanga, kisha unaingia Jangwani, kati ya Magomeni na Kariakoo. Kutoka hapo unazunguka nyuma ya Upanga na kumwaga maji yake baharini pale Daraja la Salender. Sasa sikiliza jambo hili, maana ndiyo siri ya habari yote. Huko juu mto unateremka kwa kasi, unabeba mchanga. Ukifika Jangwani ardhi ni bapa, mto unapoteza mwendo, mchanga unatua. Mwaka baada ya mwaka kitanda cha mto kinapanda, kina kinapungua, na maji yakija mengi hayana pa kwenda ila kutapakaa. Yaani, maji ya Jangwani hayapotei njia. Pale ndipo mahali pake tangu zamani.

Siwezi kusema hivyo nikapita haraka, kana kwamba hakuna watu waliolia. Desemba mwaka 2011 mvua kubwa ililiangukia jiji hili siku mfululizo, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Familia nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande. Mwaka 2014 mafuriko yakarudi, mwaka 2018 yakarudi tena. Wapo wanaonisikiliza sasa hivi ambao nyumba zao ziliwekwa alama ya X ya kubomolewa kwa rangi nyekundu, na wanajua ni nini kuamka usiku godoro limelowa, mtoto umembeba begani. Kwenu nasema pole, kwa moyo wote. Kuwapenda ndege wa bonde si kuyasifu mafuriko. Nitakachosema mbele kuhusu ndege, naamini kinawahusu na ninyi.

Haya, maji yamepungua. Yanaacha nini? Yanaacha madimbwi. Yanaacha tope laini lililojaa wadudu, minyoo, konokono, viluwiluwi, na samaki wadogo waliokwama. Majani yanachipua kwa kasi, matete yanajaa. Kwa ndege mla wadudu au mla mbegu, karamu imeandaliwa. Hakuna anayewapigia simu, lakini baada ya siku chache utawakuta wamefika.

Wa kwanza kumtambua ni yangeyange. Huyu hata mtoto mdogo anamjua: mweupe, mdomo wa njano, shingo fupi ukimlinganisha na ndugu zake. Bara tumezoea kumwona akifuata ng'ombe, kwa sababu ng'ombe akitembea panzi wanaruka. Je, mjini ambako ng'ombe ni wachache anafuata nini? Siku moja nilimkuta mzee mmoja bondeni analima tuta la mchicha. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu." Nyuma ya jembe lake walikuwa yangeyange, karibu kabisa, hatua mbili tatu kutoka kisigino chake. Jembe likishuka, wanangoja. Bonge la udongo likigeuka, shingo moja inanyooka, inayumbayumba kidogo kulia na kushoto huku kichwa kimetulia palepale, halafu chap! nyungunyungu amekwenda. Mzee hakugeuka hata kuwatazama. Nikamuuliza, "Hawakusumbui mzee?" Akanijibu, "Hawa ni vibarua wangu, wananiondolea wadudu bila malipo." Ukipita wakati wa masika, mwangalie yangeyange vizuri zaidi: kichwani na kifuani anapata rangi ya hudhurungi ya kung'aa. Ni mavazi ya kutafutia mchumba.

Pembeni yake utamwona kwarara mweupe. Ni mkubwa zaidi, mwili mweupe, lakini kichwa na shingo ni vyeusi, havina manyoya, na mdomo ni mrefu umepinda kuelekea chini. Mdomo ule anauchomeka kwenye tope mpaka karibu na macho, anatafuta kwa kugusa. Yeye na mwewe ni miongoni mwa wanaostahimili uchafu wetu, ndiyo maana utawakuta hata kwenye majalala.

Sasa twende kwenye matete, na hapa naomba mashabiki wa mpira wasogeze kiti karibu na redio. Kuna ndege wawili pale bondeni ambao kila mkazi wa Dar es Salaam anapaswa kuwajua. Mmoja ni mnana, wa njano, fundi wa kusuka. Dume anachana ukoka na majani ya matete, anafunga fundo la kwanza kwa mdomo na mguu, anazungusha pete, kisha anaijenga nyumba kuizunguka pete hiyo, mlango ukiwa chini. Jike anakuja kukagua. Asiporidhika anaondoka zake, na dume anaweza kuifumua nyumba yote akaanza upya. Mwingine ni kweche mwekundu. Miezi ya kiangazi humtambui. Dume na jike wote ni kahawia, utapita ukidhani ni shomoro. Masika yakikaribia, dume anavaa nyekundu ya kuwaka kichwani na mgongoni, tumbo jeusi tii. Anapanda juu ya bua refu la nyasi, anajitutumua manyoya mpaka anaonekana mara mbili ya ukubwa wake, halafu anaruka juu ya nyasi polepole, mabawa yanapiga kwa sauti ya kuvuma, anatua kwenye bua jingine, anajitutumua tena. Kweche huyu ni wa ukanda wetu huu wa pwani, kutoka Kenya kupitia kwetu hadi Msumbiji. Mtalii wa ndege anasafiri kutoka mbali kuja kumwona. Basi bonde moja lina wa njano na lina mwekundu, kama Yanga ya Jangwani na Simba ya Msimbazi, na wanalea watoto wao kwenye matete yaleyale. Mpenzi wa Yanga chagua wako, mpenzi wa Simba chagua wako, ila nendeni mkawatazame pamoja.

Kuna msikilizaji atasema: mbona mimi mtaani kwangu ndege ninayemwona ni kunguru tu? Swali zuri, na jibu lake linatuhusu. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa hapa. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakati wa utawala wa Waingereza, kwa matumaini kwamba atasafisha taka za mji. Taka alizila kweli, lakini hakuishia hapo. Alivuka bahari akaingia bara, akaenea pwani yote. Anakula mayai ya ndege wengine, anakula makinda, anafukuza hata mwewe kwa makundi. Yule kunguru wetu wa asili, mweusi mwenye kifua na shingo nyeupe, siku hizi mjini humwoni kwa urahisi. Zanzibar na Dar es Salaam zimewahi kufanya kampeni za kuwapunguza kunguru hao wageni, kwa mitego na kwa sumu, na Juni mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja.

Lakini kunguru anaishi kwa nini? Anaishi kwa taka. Nenda soko la samaki Feri, nenda nyuma ya masoko yetu jioni, utamwona. Kila mfuko wa mabaki tunaoutupa ovyo, kila mtaro tuliouziba kwa maganda na matumbo ya samaki, ni chakula cha kunguru. Kunguru akishiba anazaa, akizaa anahitaji makinda ya mnana kuwalisha wake. Ndiyo maana matete mazito ya bondeni ni muhimu mno. Pale mnana na kweche wanapata pa kujificha. Ukiyafyeka matete yote ukapanda nyasi fupi za kupendeza, umemfungulia kunguru mlango. Shikeni neno hilo la matete, nitalirudia.

Tushuke sasa na mto mpaka baharini. Pale Daraja la Salender, mto unakutana na maji ya chumvi, na mahali hapo pana mikoko, hasa mchu, ule mti unaochomoza mizizi wima kutoka kwenye tope. Ukitaka kuwaona ndege wa hapa, usitazame saa peke yake, tazama bahari. Muulize mvuvi: leo bamvua au maji mafu? Maji yakipwa, tope na mchanga vinafunuka kuanzia mlango wa mto hadi ufukwe wa Barabara ya Barack Obama, ambayo wengi bado tunaiita Ocean Road. Hapo ndege wanatawanyika kula, wako mbali, utawaona kama nukta. Maji yakianza kujaa, yanawasukuma kidogo kidogo kuja nchi kavu, na ndipo wanapokusogelea wewe uliyekaa kimya. Kwa hiyo wakati mzuri ni maji yanapoanza kujaa. Narudia kwa anayeandika: maji yanapoanza kujaa.

Utamwona nani? Utamwona dandala, mweupe pee, mdomo mweusi, miguu myeusi, lakini vidole vyake ni vya njano. Anatembea kwenye maji ya kifundoni, anasimama, ananyoosha mguu mmoja mbele na kuutetemesha ndani ya tope. Kamba mdogo aliyejificha anashtuka na kuruka, na mdomo umeshafika. Utamwona sululu, mkubwa wa kahawia, mdomo mrefu uliopinda, anafukuza wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa. Akimkamata humtikisa mpaka gando lidondoke, ndipo ammeze. Utawaona membe wamejipanga mchangani, wote wameelekeza vichwa upande upepo unakotoka. Na utawaona vitwitwi, ndege wadogo wa rangi ya mchanga, wanakimbia mbele ya wimbi, wimbi likirudi nao wanalifuata.

Naomba tukae kidogo na hawa vitwitwi, maana wananigusa sana. Baadhi yao uzito wao ni kama wa yai moja la kuku wa kisasa. Yai moja. Na ndege huyo amezaliwa Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, kwenye nyanda ambazo sehemu kubwa ya mwaka zimefunikwa na barafu. Baridi ikikaribia anaanza safari. Anavuka Asia, anavuka Uarabuni, anafuata pwani ya Afrika, na wengine wanapita kwetu kwenda mbali zaidi, mpaka Afrika Kusini. Huku kwetu wanaanza kuingia mwishoni mwa Agosti na Septemba, kusi ikianza kulegea. Wanakaa kaskazi yote. Ikifika Machi na Aprili wanakula bila kupumzika, wananenepa, maana mafuta hayo ndiyo yatakayowafikisha; na ukiwa makini utaona vifua vya baadhi yao vimeanza kugeuka vyekundu vya matofali, rangi ya kwenda kuolea kwao. Kisha asubuhi moja hawapo. Wanaobaki ni vijana ambao hawajafikia umri wa kuzaa. Hao watamaliza kusi nzima hapa kwetu.

Sasa fikiria. Ndege huyo anapotua Salender, hachagui mji wenye maghorofa mazuri. Anatafuta tope. Tope lenye minyoo, maji yanayopwa na kujaa, mahali ambapo hatafukuzwa kila dakika. Akilikosa tope hilo Dar es Salaam, hana akiba ya mafuta ya kumfikisha mbele. Ufukwe wa Dar es Salaam umetajwa na wataalamu miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini, sambamba na mbuga na misitu tunayoisikia kila siku. Na watu wangapi tunapita juu ya daraja lile tukijua hilo?

Niwapeleke mbali kidogo, ili mwone kitu ambacho bonde la mafuriko linaweza kuficha. Mchele unaonunua Kariakoo, mara nyingi utasikia muuzaji anakwambia, "Chukua huu mama, wa Kilombero." Kilombero, kule Ifakara, mkoani Morogoro, ni bonde la mafuriko kama Msimbazi, isipokuwa lenyewe ni kubwa mno. Mito inashuka kutoka milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge, masika yanafunika uwanda, kiangazi maji yanarudi mtoni na kuacha mabwawa. Korongo wa mdomo wazi wanakusanyika kula konokono. Mdomo wao haufungi katikati, una mwanya uliofaa kazi hiyo. Mwaka 2002 bonde hilo liliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na Tanzania ina maeneo manne tu kwenye orodha hiyo.

Lakini jambo linalonifurahisha zaidi ni hili. Mwaka 1990, Neil Baker na Liz Baker, wale wa atlasi ya ndege wa Tanzania, waliutangazia ulimwengu ndege mpya wa jamii ya mnana, kwera wa Kilombero, anayeishi kwenye matete ya mto huo na haishi kwingine kokote duniani. Mwaka 2021 wanasayansi wakatangaza wengine wawili wapya kutoka vinamasi hivyohivyo, vindege vidogo vya kahawia vya nyasini, na mmoja akapewa jina la kisayansi la kuwaenzi akina Baker. Treni ya Tazara inapita karibu. Wavuvi na wakulima wa mpunga walikuwa wakiwasikia ndege hao wakiimba kila siku. Matete, wasikilizaji. Tena ni matete.

Basi turudi mjini, nimalizie lile nililoahidi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi. Mpango wake ni mto kuchimbwa na kupewa nafasi, daraja refu kujengwa Jangwani, karakana ya mwendokasi kuhamishwa, watu wa maeneo hatari kulipwa wahame, na sehemu ya bonde kuwa bustani kubwa ya jiji. Mimi naliunga mkono jambo hili. Lile swali la "Jangwani panapitika?" limetutesa vya kutosha, na hakuna mtoto anayepaswa tena kuokolewa juu ya paa.

Ombi langu ni moja. Bustani hiyo isiwe nyasi za kukata na maua ya kumwagilia peke yake. Ibaki na tope. Ibaki na madimbwi yanayojaa masika na kukauka kiangazi. Ibaki na ukanda mnene wa matete ambao mtu haruhusiwi kuufyeka, na mikoko ya Salender isiguswe. Sisemi hivi kwa ajili ya ndege pekee. Mahali ambapo yangeyange anasimama baada ya mvua ni mahali ambapo maji yamepata pa kutulia yasiingie chumbani kwa mtu. Matete yanayomficha mnana yanapunguza kasi ya maji na kushika mchanga usifike darajani. Ukimwachia ndege nafasi yake, umeliachia na furiko nafasi yake. Mhandisi na mpenzi wa ndege hapo wanazungumza lugha moja, na ningependa wakae meza moja.

Je, sisi wananchi wa kawaida tufanye nini? Tuhesabu. Ndege wa Msimbazi wahesabiwe sasa, wahesabiwe mradi ukiendelea, wahesabiwe ukiisha, ili atakayedai kwamba bonde limepona aulizwe: yangeyange wangapi, vitwitwi wangapi? Kila Januari, nchi nyingi duniani huhesabu ndege wa majini kwa pamoja. Na wala huhitaji kungoja Januari. Nairobi kuna utaratibu ninaouonea wivu wa heri: kila Jumatano asubuhi watu hukutana kwenye Makumbusho ya Taifa na kwenda kutazama ndege kwa pamoja, wageni na wenyeji, wanafunzi na wastaafu. Mama Fleur Ng'weno aliuanza miaka ya 1970 na umedumu nusu karne. Vijana wengi waliopita pale leo ni waongoza watalii na watafiti. Dar es Salaam, jiji la mamilioni, lenye bonde na bahari vilivyokutana katikati ya mji, tunashindwaje kuwa na asubuhi moja kama hiyo? Walimu wa shule za Ilala, Magomeni na Upanga mnanisikia? Watoto wenu wanaweza kwenda kwa miguu.

Vifaa si vingi. Darubini ikiwepo ni vizuri, hata ya kuazima. Isipokuwepo, macho yanatosha kwa yangeyange na kwarara. Chukua daftari. Andika tarehe, saa, mahali uliposimama, kama maji yanapwa au yanajaa, ndege uliyemwona na idadi yake. Jina ukiwa hulijui, chora mdomo na miguu, andika rangi, utalipata baadaye. Mwenye simu janja anaweza kuweka orodha yake kwenye programu ya eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, nayo itahifadhiwa pamoja na za watazamaji wengine wa dunia nzima. Usiende peke yako. Nendeni wawili watatu, salimieni vijana mnaowakuta bondeni na mkulima mwenye bustani yake, waelezeni mmekuja kutazama nini. Mara nyingi wao ndio watakaowaonyesha kiota. Maji ya mto usiyaguse, yamebeba uchafu wa viwanda na wa vyoo, vaa buti. Na mvua ikiwa imenyesha Pugu usiku, usishuke kabisa, simama barabarani juu.

Kwa atakayetaka kuanza wiki hii, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi mahali pazuri ni upande wa barabara pale Jangwani, jua likiwa bado dogo, ukitazama matete ya upande wa juu wa mto. Kwa Salender, muulize kwanza mvuvi habari za maji. Orodha mtakazoandika ziwekeni kwa tarehe, msizitupe.